Nafuu ya kodi kwenye bima ya afya ya wafanyakazi: mbona sisi wenye biashara ndogo inatupita?

SeremalaMkongwe (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kooni tangu mwaka jana.

Nina karakana ya useremala. Tuko saba, mimi nikiwemo. Mwaka jana kijana wangu mmoja, fundi ambaye ukimpa kazi ya mlango huna haja ya kurudi kuukagua, alianza kukwepa kubeba mbao. Akiitwa kushika upande wa pili wa kabati anasema anamalizia msasa. Nilimsema mbele ya wenzake, nikamwita mvivu. Siku moja akainama kuokota skrubu, shati likapanda, nikaona amejikaza kiunoni kwa kitambaa kilichokunjwa mara tatu, na upande wa kinena ameweka kipande cha sifongo tunayotumia kwenye viti. Ngiri. Miezi minane alikuwa anaizuia isitoke kwa sifongo ya kiti, huku anapiga randa. Nikamuuliza mbona hukusema. Akanijibu: "Bosi, ningesema ungenituma hospitali, na hospitali wangesema nipasuliwe. Ningelipa na nini?"

Jibu hilo ndilo lililonituma kutafuta bima ya kikundi. Nikapata bei, nikaipeleka kwa mhasibu wangu. Akafurahi. Akaniambia mchango wa mwajiri ni gharama halali ya biashara, unatolewa kabla ya kupiga kodi, kwa hiyo serikali inanisaidia kulipa. Kisha akapiga hesabu na kunigeuzia kikokotoo nione mwenyewe, na furaha yake ikapungua.

Naiweka hesabu kwa namba rahisi. Tuseme bima ya mwaka kwa wote ni 100, na kodi ya faida ni 30 kwa kila 100. Biashara kubwa yenye faida ya maelfu ikilipa hiyo 100, kodi yake inashuka kwa 30. Bima imeigharimu 70. Mimi faida yangu kabla ya bima ilikuwa 20. Nikilipa 100, faida yote inamezwa, naingia hasara ya 80, na kodi niliyookoa ni 6. Yaani bima ileile yeye anainunua kwa 70, mimi naipata kwa 94. Na hiyo 6 naiona ninapofunga hesabu za mwaka, ilhali kampuni ya bima inataka fedha yake kabla kadi hazijatoka.

Nimeizungusha namba hiyo kichwani kila usiku. Hoja yangu ni hii: nafuu ya kodi inaweza kabisa kuifanya bima inunulike kwetu sisi wadogo, lakini ikifungwa kwenye faida haitufikii. Ifungwe kwenye kitu tunachokilipa kila mwezi, tupate tusipate. Wenye ujuzi wa kodi na wa bima, karibuni. Nikosoeni pia.

MtunzaVitabu

Mkuu, kwanza pole kwa huyo kijana. Mhasibu wako hajakosea, ila amekupa nusu ya habari. Ile hasara ya 80 kwa kawaida haipotei. Nchi nyingi zinakuruhusu kuivusha hadi miaka inayofuata ikapunguze faida ya huko mbele. Lakini nakubaliana nawe, nafuu itakayokuja mwaka wa tatu haimlipii mtu kitanda cha hospitali mwaka huu.

Watu wengi wanachanganya vitu viwili, na hapa ndipo penye mzizi wa uzi wako. Kuna nafuu inayopunguza mapato yanayotozwa kodi, hiyo ndiyo aliyokupigia mhasibu. Na kuna nafuu inayokatwa kwenye kodi yenyewe. Ya kwanza inampa zaidi mwenye kiwango kikubwa cha kodi. Ya pili inaweza kumpa kila mtu kiasi kilekile. Kisha ndani ya ile ya pili kuna swali ambalo wanasiasa hulipita haraka: ikiwa nafuu ni kubwa kuliko kodi unayodaiwa, je, unarudishiwa tofauti taslimu, au inaishia hapo? Kwa mtu mwenye faida ya 20, swali hilo ndilo kila kitu.

Marekani wamejaribu zote mbili, na somo lake liko wazi. Bima kupitia kwa mwajiri ilishamiri kule wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 mishahara ilizuiwa kupanda, waajiri wakaanza kuvuta wafanyakazi kwa marupurupu, bima ikiwemo. Sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikaweka bayana kwamba mchango wa mwajiri kwenye bima ya afya hauhesabiwi kama kipato cha mfanyakazi. Nafuu hiyo ipo mpaka leo na ni miongoni mwa zilizo kubwa kabisa katika mfumo wao wa kodi. Lakini anayefaidi zaidi ni mwenye mshahara mnono, kwa sababu yeye ndiye angekatwa kodi kubwa.

Mwaka 2010, katika sheria kubwa ya afya ya Rais Obama, wakaleta ile ya pili mahususi kwa biashara ndogo. Mwajiri mwenye wafanyakazi wasiofika 25 wa muda kamili, wenye wastani wa mshahara usiofika dola 50,000 hivi kwa mwaka, akilipa angalau nusu ya gharama ya bima yao, alikatiwa kwenye kodi hadi asilimia 35 ya alichotoa. Kuanzia 2014 ikawa hadi asilimia 50. Kwenye karatasi inapendeza sana.

Ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, GAO, ilipoangalia madai ya mwaka 2010 ikakuta waliodai ni waajiri wapatao 170,300, wakati makadirio ya waliostahili yalikuwa kati ya milioni 1.4 na milioni 4. Na katika hao waliodai, asilimia 83 hawakuweza kutumia kiwango kamili. Mwaka 2014, kiwango kikiwa kimeshapanda hadi asilimia 50, waliodai walikuwa kama 181,000. Asilimia ilipanda, watu hawakuja. Nikipata nafasi nitaeleza kwa nini.

DadaMsusi

Wakuu, nami niseme langu. Nina saluni, wasusi wanne, wawili kati yao wanakuja siku tatu tu kwa wiki.

Kaka Seremala, wewe angalau unatozwa kodi kwenye faida. Mimi natozwa kwenye mauzo ghafi, asilimia fulani ya kila kinachoingia, bila kuangalia nimetumia nini. Utaratibu huo uliwekwa kuturahisishia sisi tusio na wahasibu na kweli ni rahisi, siupingi. Ila maana yake ni kwamba hakuna gharama hata moja ninayoweza kuitoa. Nikiwakatia wasusi wangu bima, nisipowakatia, kodi yangu ni ileile. Kwangu mimi nafuu haipo kabisa, hata hiyo 6 yako siioni.

Tena mmeshaongelea wafanyakazi, na mimi mwenyewe je? Mwaka juzi nililazwa siku tano. Saluni ilifungwa siku tano, na wasusi wanne hawakupata kitu siku tano. Mwenye biashara ndogo akiugua, anaugua na ajira zote.

MtunzaVitabu

Dada, umegusa penyewe. Katika ile nafuu ya Marekani ya 2010 mwenye biashara hahesabiwi, wala mwenzi wake, wala ndugu zake wa karibu wanaofanya kazi pale. Fikiria duka la mume, mke na binti yao na kijana mmoja wa kuajiriwa: nafuu ni ya kijana peke yake. Aliyejiajiri kule ana nafuu nyingine. Tangu mwaka 2003 anaweza kutoa ada yake yote ya bima kwenye kipato kinachotozwa kodi. Hata hivyo haipunguzi mchango wake wa hifadhi ya jamii, na inategemea apate faida kwanza. Tunarudi kulekule.

WakalaMstaafu

Nimeuza bima za vikundi miaka mingi, sasa nimepumzika, kwa hiyo naweza kusema bila kumwogopa mtu.

Ndugu zangu, mnazungumzia kodi kana kwamba bei ya bima imeshuka kutoka mbinguni. Tuanze na kwa nini bei ya Seremala ni kubwa kuliko ya kiwanda chenye watu 2,000. Kwenye kiwanda, wagonjwa 20 wanabebwa na wazima 1,980. Kwenye karakana ya watu saba, mmoja akipata figo mbovu, sita waliobaki hawawezi kumbeba hata wakichanga mwaka mzima. Kampuni inalijua hilo, kwa hiyo inaongeza bei mapema kujikinga. Halafu kazi ya kuandaa mkataba, kuandikisha watu, kutoa kadi, kuhangaika na madai, haipungui sana kwa sababu kikundi ni kidogo. Gharama hiyo ikigawanywa kwa saba inauma, kwa 2,000 haionekani.

Na kuna jambo ambalo wanunuzi hawapendi kulisikia. Nilikuwa napigiwa simu na mwenye biashara ndogo ananiambia "nataka bima kwa haraka". Nikisikia neno haraka najua tayari kuna mtu kitandani. Si kwamba mwajiri ni mwongo. Ana huruma, kama huyu mleta uzi. Ila wote wakinunua siku mtu anapougua, kapu linabaki na wagonjwa watupu, bei inapanda, wazima wanatoka, bei inapanda tena.

Ndiyo maana nawaambia nafuu ya kodi peke yake ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kwanza ziba: weka sheria kwamba kampuni haiwezi kupandishia kikundi kidogo bei kwa sababu ya mgonjwa mmoja. Wenzetu Marekani walilifanya hilo kwa vikundi vidogo kuanzia 2014. Bei inaweza kutofautiana kwa umri, kwa eneo, kwa uvutaji tumbaku, lakini si kwa kwamba fulani ana kisukari. Ukishaziba, ndipo nafuu ya kodi inafanya kazi yake halisi, yaani kuwavuta walio wazima waingie mapema.

MlipaKodiWaKawaida

Naomba niwe wa kupinga, kwa heshima zote.

Kila nafuu ya kodi ni fedha ambayo serikali haikusanyi. Ile fedha ingeweza kujenga wodi, kununua dawa, kuajiri wauguzi. Kwa nini mtu anayeuza mboga, hana mwajiri wala mfanyakazi, achangie nafuu ya bima ya mafundi wa karakana? Tena ukishaifunga bima kwenye ajira, mtu akifukuzwa kazi anapoteza mshahara na tiba siku moja. Wajerumani tangu 1883 wana bima ya lazima ya wafanyakazi. Leo kiwango cha msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara, nusu mwajiri nusu mfanyakazi, na kijana wa karakana ya watu saba yuko kwenye kapu moja na mhandisi wa kiwanda. Mwajiri mdogo hajadiliani bei na mtu. Kwa nini tusiende huko moja kwa moja badala ya kubandika viraka vya kodi?

SeremalaMkongwe

MlipaKodi, sikupingi kwa hasira, hoja yako ina uzito. Siku kapu la watu wote litakapofanya kazi vizuri, mimi nitakuwa wa kwanza kufunga uzi huu. Lakini hata hapo Ujerumani, mwajiri mdogo bado anatoa nusu kila mwezi, faida ipo haipo. Bima ya lazima haiondoi swali la huyu mdogo atalipaje. Inalileta mlangoni kwa nguvu zaidi.

Na sikiliza huu upande mwingine. Yule fundi wangu tulimchangia. Mimi nilitoa sehemu kubwa, wenzake wakatoa walichonacho, akapasuliwa, akakaa nyumbani wiki sita. Katika wiki hizo sita nilipoteza kazi mbili za makabati kwa sababu hakukuwa na mkono wa kuzimaliza kwa wakati. Angepasuliwa mwezi wa kwanza, ngiri ingali ndogo na kwa tarehe tuliyoipanga, ningejiandaa. Kodi ambayo ningelipa kwenye kazi zile mbili serikali nayo iliikosa. Kwa hiyo tusihesabu tu kinachotoka hazina. Kuna kinachokosekana huko karakanani mtu anapofunga ngiri kwa sifongo.

WakalaMstaafu, umenifungua macho, sikuwahi kufikiria kwamba simu yangu ya haraka ndiyo inayopandisha bei. MtunzaVitabu, uliahidi kueleza kwa nini watu hawakuja. Tunasubiri.

MtunzaVitabu

Sawa, narudi. Yapo mambo kadhaa na nitakaa zaidi kwenye lile ninaloliona kubwa.

Makaratasi kwanza. Ili ujue unastahili kiasi gani, ilibidi ukusanye saa zote za kila mfanyakazi kwa mwaka, uzigawe kwa 2,080 kupata idadi ya wafanyakazi wa muda kamili, utafute wastani wa mshahara, uangalie ada ya wastani ya eneo lako, kisha ujaze fomu. Wahasibu waliohojiwa na GAO walisema ukusanyaji wa taarifa peke yake unaweza kuchukua saa mbili hadi nane au zaidi, na bado hujaanza kujaza. Mwenye wafanyakazi watano analipa mhasibu fedha inayokaribia nafuu yenyewe.

Pili, ngazi. Nafuu kamili ilikuwa ya mwenye wafanyakazi wasiozidi 10 na wastani wa mshahara usiozidi dola 25,000. Ukiajiri mtu wa 11 inaanza kupungua. Ukipandisha mishahara inapungua. Ukifanya yote mawili inapungua mara mbili. Ukifika watu 25 imekwisha. Yaani unamwadhibu mtu kwa yale mambo mawili unayomtaka ayafanye: kuajiri na kulipa vizuri. Na wale walio chini kabisa, wenye watu wachache na mishahara midogo, ndio hao hao ambao hata nusu ya ada hawaiwezi, kwa hiyo hawakuwa na bima ya kuombea nafuu tangu mwanzo.

Tatu, muda. Kuanzia 2014 unaipata kwa miaka miwili mfululizo tu, na ununue kupitia soko maalumu la biashara ndogo, ambalo katika maeneo mengi halikuwa na bima yoyote ya kuuza. Hebu jiweke wewe hapo. Utawaambia vijana wako "tuna bima", halafu mwaka wa tatu uwaambie imekwisha? Kumnyang'anya mtu kadi ya hospitali ni kubaya kuliko kutompa. Mwajiri mwenye akili na huruma anaogopa kuanza kitu asichoweza kukiendeleza.

La mwisho ndilo lako, mkuu. Kwa biashara ya kujipatia faida, ilikuwa inakata kodi iliyopo tu. Kilichozidi unaweza kukirudisha nyuma mwaka mmoja au kukivusha mbele hadi miaka 20. Miaka ishirini! Mashirika yasiyo ya faida ndiyo yaliyorudishiwa fedha, tena kwa kikomo cha makato ya mishahara waliyoyalipa. Maana yake walijua namna ya kuifunga nafuu kwenye makato ya mishahara, wakaamua biashara zisiguswe na utaratibu huo.

Na baadaye wakathibitisha kwamba inawezekana. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, walipitisha sheria kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 500 akimlipa mtu likizo ya ugonjwa kwa sababu ya korona, arudishiwe gharama hiyo pamoja na sehemu ya bima ya afya inayohusu siku hizo. Hakutakiwa kusubiri mwisho wa mwaka. Alibaki na kodi za mishahara ambazo angezipeleka serikalini, akazitumia kulipa, na zisipotosha anadai tofauti. Fedha ilikuwa mkononi mwake siku anapoihitaji. Hicho ndicho unachokiomba tangu mwanzo wa uzi huu, na kiliwahi kufanyika.

DadaMsusi

MtunzaVitabu, nimekusoma. Ila makato ya mishahara nayo yana shimo. Wasusi wangu kipato chao ni kidogo, hakifikii kiwango cha kukatwa kodi. Kama hakuna ninachokata, nibaki na nini mkononi?

MtunzaVitabu

Swali zuri kuliko yote humu. Afrika Kusini wanatuonyesha shimo hilo waziwazi. Kuanzia Machi 1, 2012 waliacha kupunguza mapato yanayotozwa kodi kwa wanachama wa bima za afya walio chini ya miaka 65, wakaweka kiasi maalumu kinachokatwa kwenye kodi kila mwezi kwa kila mwanachama na mtegemezi. Bosi na karani wanapata kiasi kilekile, na kinapita kwenye malipo ya mshahara ya kila mwezi. Ni haki zaidi kuliko zamani. Lakini harudishiwi mtu: ambaye mshahara wake hauna kodi, kiasi hicho hakimsaidii kitu. Wasusi wako wangebaki nje vilevile.

Sasa angalia Ireland. Anayejinunulia bima ya afya anapata nafuu ya asilimia 20 palepale kwenye ada. Kampuni ya bima inakuandikia ada ikiwa imeshapungua, kisha yenyewe inaenda kudai serikalini. Wewe hujazi fomu. Na unapata hata kama huna kodi unayodaiwa. Tangu Oktoba 2013 wameweka kikomo, nafuu inahesabiwa kwa ada isiyozidi euro 1,000 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto, ili serikali isigharamie vifurushi vya kifahari. Mwajiri akikulipia utaratibu unakuwa mwingine, wewe mfanyakazi ndiye unayeidai, lakini wazo lenyewe ndilo ninalotaka ulione. Anayehangaika na mamlaka ya kodi ni kampuni ya bima, ambayo ina wahasibu, badala ya msusi ambaye hana.

Kwa saluni yako, ambayo kodi yake ni ya mauzo ghafi na wafanyakazi wake hawakatwi, mimi sioni njia nyingine inayofika. Nafuu iwe ndani ya ankara.

WakalaMstaafu

Naunga mkono ankara, kwa tahadhari mbili ambazo nazijua kwa sababu nilikuwa upande ule.

Kampuni ikijua serikali inalipa asilimia 20, kuna kishawishi cha kupandisha bei kidogo kidogo hadi ile asilimia iishie mfukoni mwao. Dawa yake ni kikomo cha kiasi, kama hicho cha Ireland, pamoja na kifurushi kimoja cha msingi ambacho kila kampuni inauza kwa maelezo yaleyale, ili mteja alinganishe bei na bei bila kusoma kurasa arobaini.

Ya pili ni wafanyakazi hewa. Nimewahi kupelekewa orodha ya fundi cherehani yenye watu kumi na mmoja, nikaenda kumtembelea, nikakuta vyerehani vitatu. Waliobaki walikuwa shangazi na binamu. Sikumchukia, alikuwa anatafuta tiba kwa watu wake. Lakini nafuu ikiwa nono bila kuoanishwa na orodha ya mishahara iliyoko mamlaka ya kodi, itaharibika mwaka wa kwanza na itafutwa kwa ajili ya wachache.

MlipaKodiWaKawaida

Hapo mmenisogeza kidogo. Ikiwa na kikomo, ikienda kwa kila mtu kiasi sawa, na muuza mboga aliyejiajiri peke yake naye akiipata kwenye ankara yake, pingamizi langu kubwa linapungua. Kilichonikera ni kumpa mwenye mshahara mkubwa zaidi ya mwenye mdogo. Bado nasema kapu la wote ndiko tunakotakiwa kwenda.

FundiUmeme_Junior

Mimi ni mfanyakazi, si mwajiri. Nawasoma tangu jana. Naomba mkumbuke jambo moja: bosi akinilipia bima, mara nyingi nyongeza ya mshahara haiji mwaka huo. Kwa hiyo hata fedha yangu imo humo. Tungeulizwa pia tunataka kifurushi gani. Mimi nisingechagua meno na miwani, ningechagua kulazwa na kujifungua, kwa sababu mke wangu ni mjamzito.

SeremalaMkongwe

FundiUmeme, asante, hilo nilifanyia kazi leo asubuhi kabla ya kuwasha mashine. Niliwakalisha vijana kwenye mabenchi, nikawasomea vifurushi viwili, nikawaambia fedha iliyopo na nyongeza niliyokuwa nimepanga. Nilidhani watachagua nyongeza. Watano kati ya sita walichagua kulazwa na upasuaji, mmoja akaomba afikirie mpaka kesho. Hakuna aliyetaka miwani, ingawa wawili nawaona wanavyosogeza tepu karibu na pua.

Niwape mrejesho. Nimeandika barua kwa umoja wetu wa mafundi ipelekwe kwa wanaoandaa sheria ya fedha. Nimeomba mambo yaliyotoka humu humu: nafuu iingie kwenye ankara yenyewe, iwe na kikomo cha kiasi kwa kila mtu, imhesabu na mwenye biashara, isikatike mtu anapoajiri wa 11, na isiwe ya miaka miwili. Nimeambatisha ile hesabu ya 70 na 94.

Wakati barua ikitembea, sikukaa. Nilizungumza na karakana nyingine tano za jirani, tumefika watu 41, na kampuni imekubali tuingie kama kikundi kimoja, tulipe kwa robo mwaka badala ya mkupuo. Bei kwa kichwa imeshuka, si sana, lakini imeshuka. Robo ya kwanza nailipa Jumatatu kutoka kwenye fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya msumeno mpya.

Yule kijana wangu ndiye wa kwanza kwenye orodha. Sehemu ya wategemezi ameandika mama yake na mtoto wa dada yake anayeishi naye. Wakala kasema mama hana shida, ila mtoto wa dada hakubaliki bila hati ya malezi. Kwa hiyo Jumatatu, kabla sijapita benki, tunaanza na ofisi ya ustawi wa jamii, mimi na yeye, kuitafuta.